Swali la zahanati au la shule: lipite mlango upi bungeni?

Boma la zahanati ya kijiji chetu lilisimama kwenye lenta kwa misimu mitatu ya mvua. Wananchi walichangia tofali, mchanga na nguvu zao, kisha wakabaki kusubiri bati. Mbunge wa wakati huo akaombwa auulizie mradi bungeni. Akauliza, na jibu likaja limepigwa pasi: Serikali inatambua umuhimu wa zahanati hiyo na itaendelea kutenga fedha kadiri zitakavyopatikana. Tulilisikia redioni, tukapiga makofi. Mwaka uliofuata, wagonjwa pekee waliokuwa wamelazwa mle ndani walikuwa mbuzi.

Tangu hapo nimekuwa msomaji wa Hansard, zile Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge zinazowekwa kwenye tovuti ya Bunge, na nimesaidia watu kadhaa wa kata yetu kuandika maswali ya kumpelekea mbunge. Nilichokigundua ni kwamba swali letu halikuwa la kijinga. Lilipita mlango usio wake, tena likiwa limevaa maneno yanayomruhusu anayejibu kutoka bila jasho.

Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania inampa mbunge haki ya kumuuliza waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Lakini kuna njia nyingi za kuuliza, na kila moja huleta jibu la aina yake. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya mtu anayetaka kumwandikia mbunge wake kuhusu dawa, madarasa, walimu au bima, na hajui amwombe afanye nini hasa.

Kabla ya mlango, mwenye nyumba ni nani?

Maswali mengi yanafia hapa. Mtu anaona zahanati haina dawa, anaandika "Waziri wa Afya". Kumbe zahanati, kituo cha afya na hospitali ya halmashauri viko chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Wizara ya Afya ina sera, hospitali za rufaa za mikoa na za kanda, Muhimbili, na pia Bohari ya Dawa, yaani MSD. Kwa hiyo swali la dawa lina wenyewe wawili. Kama halmashauri haikulipia oda, nenda TAMISEMI. Kama oda ililipiwa na MSD ikaleta nusu, nenda Afya. Ukiuliza bila kujua ni lipi kati ya hayo mawili lililotokea, kila upande utausingizia mwingine na wewe utabaki na panadol zako.

Shule nazo ni vivyo hivyo. Majengo, madawati na upangaji wa walimu wa shule za msingi na sekondari za serikali ni TAMISEMI. Mitaala, mitihani, vyuo vya ualimu, VETA, vyuo vikuu na mikopo ya wanafunzi ni Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kibali cha kuajiri walimu wapya ni cha Ofisi ya Rais, Utumishi, na fedha ni za Hazina. Ndiyo maana waziri wa Elimu anayeulizwa kwa nini shule haina mwalimu wa fizikia huweza kusema ukweli mtupu na bado asikupe chochote.

Msomaji wa Zanzibar ana ramani nyingine kabisa. Afya si jambo la Muungano, na shule za msingi na sekondari za kule haziulizwi Dodoma. Maswali hayo yanakwenda Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Elimu ya juu na Baraza la Mitihani ni ya Muungano, kwa hiyo swali la mkopo wa chuo au la cheti cha kidato cha nne linaweza kuulizwa na mbunge aliyetoka Pemba au Unguja.

Halafu yupo diwani, ambaye watu humruka kama dimbwi. Baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka, mkurugenzi na mganga mkuu wa halmashauri wakiwa ukumbini. Kama kero yako ni mhudumu mmoja anayefika saa nne asubuhi, au choo cha shule kilichotitia, usimsumbue mtu wa Dodoma. Wizara yenyewe, ikipata swali hilo, itampigia simu mkurugenzi yuleyule.

Swali la msingi au swali la nyongeza?

Asubuhi ya kikao, baada ya dua na hati za mezani, ndipo maswali yanapoanza. Swali la msingi liliandikwa na kuwasilishwa mapema, likapewa namba, likachapwa kwenye Orodha ya Shughuli. Wizara imepata muda wa kuandikia mkoa, mkoa ukauliza halmashauri, halmashauri ikatuma takwimu. Mara nyingi anayesimama kujibu ni naibu waziri, na karatasi anayoisoma imepita mikononi mwa watu wengi. Nguvu ya swali hili ni hiyo karatasi: tarakimu zilizosomwa bungeni zimekuwa kauli ya Serikali, na huwezi kuambiwa kesho kwamba uliziota.

Swali la nyongeza halina karatasi. Muuliza swali la msingi hupewa maswali mawili ya nyongeza, na wabunge wengine wanaweza kupata moja kila mmoja wakionwa na Spika. Naibu waziri hapo hana takwimu, ana kumbukumbu na busara zake. Kwa hiyo hupati tarakimu, unapata ahadi. Na ahadi inayopendwa kuliko zote ni ile ya safari: "Je, Waziri yuko tayari kuongozana nami baada ya Bunge hili kwenda kujionea?" "Mheshimiwa Spika, niko tayari." Sijawahi kuona naibu waziri aliyekataa. Kama zile safari zote zingefanyika, nadhani Dodoma ingebaki na walinzi tu.

Hata hivyo nisiidharau nyongeza. Mbunge ambaye swali lake halijapangwa anaweza kuvizia swali la mwenzake kuhusu vituo vya afya, akasimama na lile sharti maarufu, kwamba matatizo ya huko "yanafanana kabisa" na ya jimboni kwake. Ni njia ya haraka. Ubaya wake ni kwamba jibu litakuwa jepesi kama swali, na nusu ya muda itakuwa imeliwa na shukrani kwa majibu mazuri ya Serikali.

Ukiwa na kero inayoweza kuhesabika, chagua swali la msingi, hata kama litachelewa hadi mkutano ujao wa Bunge. Na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu kuandika swali la msingi ni ufundi.

Tazama swali letu la kwanza: "Je, ni lini Serikali itamalizia zahanati ya kijiji chetu?" Neno "ni lini" linaonekana kali, kumbe ni godoro. Anayejibu analala juu yake: fedha zikipatikana. Lilinganishe na hili: "Je, ni kiasi gani cha fedha kilitengwa mwaka huu wa fedha kumalizia maboma ya zahanati katika halmashauri yetu, kiasi gani kimepelekwa hadi mwisho wa robo ya pili, na ni maboma yapi?" Hapo hakuna pa kulala. Ama kuna tarakimu, ama kuna ukimya wenye sauti.

Siri iko kwenye vitenzi. Fedha ya umma hupita mikono minne: inatengwa, inaidhinishwa, inapelekwa, inatumika. Wananchi husikia "imetengwa" na kudhani imefika. Waziri anaposema Serikali imetenga milioni 50 kumalizia boma, kiasi ambacho kimesikika mara nyingi kwa maboma ya zahanati, hajasema uongo hata kama hakuna shilingi iliyoingia kwenye akaunti ya kijiji. Kwa hiyo mlazimishe kwa kitenzi. Uliza "kimepelekwa", si "kimetengwa".

Kwenye elimu ni hivyohivyo. "Serikali ina mpango gani wa kuondoa upungufu wa walimu wa sayansi?" ni kumwalika mtu akusimulie mpango, na mipango haijawahi kuisha. Jaribu: "Ni shule ngapi za sekondari katika wilaya yetu hazina hata mwalimu mmoja wa fizikia, na kati ya walimu waliopangwa huko katika ajira za mwisho, wangapi bado wapo?" Maneno mawili ya mwisho ndiyo yanayouma. Walimu hupangwa, huripoti, kisha huhama, na takwimu za ajira haziwafuati.

Jizuie tu kujaza. Swali la msingi linatakiwa liwe fupi, bila hoja za kubishana wala hotuba ndani yake. Ukibeba mambo manne, watendaji wa Bunge watakupunguzia, na watakachokikata huenda ndicho ulichokitaka.

Alhamisi ya Waziri Mkuu au shilingi ya Waziri?

Njia hizi mbili ndizo zinazopendwa na kamera, na watu huzichanganya.

Kila Alhamisi Bunge linapokaa, hutengwa nusu saa ya maswali kwa Waziri Mkuu, papo kwa papo, bila yeye kupewa swali kabla. Ni Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni, kwa hiyo anaweza kuzungumza juu ya wizara zote. Usimpelekee boma. Atakujibu kwa upole kwamba wizara italifuatilia, na Spika anaweza kukuambia kwamba swali la takwimu lina mahali pake. Mpelekee jambo linalokaa katikati ya wizara mbili au tatu, ambalo kila mmoja anaona ni la jirani.

Michango ya shule ni mfano mzuri. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na katika bajeti ya 2022/23 kidato cha tano na cha sita vikaingizwa. Lakini mzazi yeyote anajua kwamba bado kuna chakula, mlinzi, mtihani wa majaribio na masomo ya ziada. Kipi ni hiari na kipi ni lazima? Mwalimu mkuu anasema kamati ya shule imekubaliana, halmashauri inasema haijatoa kibali, wizara inasema waraka uko wazi. Hilo ndilo swali la Alhamisi. Jibu la Waziri Mkuu mbele ya taifa hugeuka agizo kwa wakurugenzi wote, na mzazi anaweza kulinukuu kwenye kikao cha shule bila kutetemeka.

Shilingi ni mnyama mwingine. Katika mkutano wa bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, kila wizara inapomaliza kujadiliwa Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia mafungu ya bajeti yake. Kwenye kifungu chenye mshahara wa waziri, mbunge asiyeridhika hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja. Ndiko "kushika shilingi". Wenzake wakimuunga mkono, hoja inajadiliwa. Wengine wanachangia, Mwanasheria Mkuu anaweza kusimama kuokoa jahazi, waziri anajibu tena kwa maneno mengine. Mwishoni mbunge huombwa arudishe shilingi, na kwa kawaida huirudisha.

Wengi huona huu ni mchezo wa kuigiza. Mimi siuoni hivyo, ila nakiri unategemea sana nani ameishika. Tofauti na swali la asubuhi, hapa waziri mwenyewe ndiye anayebanwa, si naibu, na bajeti yake bado haijapita. Maneno anayoyatoa ili arudishiwe shilingi ni mazito kuliko yale ya karatasi. Nimesoma kurasa za Hansard ambapo waziri alianza na "mchakato unaendelea" na kufika mwisho akiwa ametaja mwezi.

Lakini kuna mitego mitatu. Wa kwanza ni muda. Majina ya wanaotaka kuuliza huwa mengi kuliko saa zilizopo, na gilotini, yaani kikomo cha muda wa mjadala, ikifika mafungu yaliyobaki hupitishwa moja kwa moja bila maswali. Wa pili ni fungu. Afya ni Fungu 52, Elimu ni Fungu 46, TAMISEMI ni Fungu 56, na mikoa ina mafungu yake. TAMISEMI kwa kawaida huja mapema, mwezi Aprili. Mbunge anayesubiri bajeti ya Afya mwezi Mei ili ashike shilingi kwa ajili ya zahanati amefika sokoni jioni.

Mtego wa tatu ndio mkubwa, na hausemwi. Shilingi inapunguza, haiongezi. Ibara ya 99 ya Katiba inalizuia Bunge kushughulikia mapendekezo ya kuongeza matumizi ya Serikali ila yakiletwa na Serikali yenyewe. Hata mbunge akishinda hoja yake kwa kura zote, kijiji hakitapata bati kutokana na shilingi ile. Atakachokipata ni tamko. Ukitaka fedha, ingia mlango unaofuata, tena kabla ya Aprili.

Kamati au ukumbini?

Ukumbini kuna televisheni. Kwenye kamati kuna katibu mkuu akiwa na mafaili. Kwa uzoefu wangu wa kusoma, ukweli mwingi zaidi husemwa pasipo na kamera.

Mwaka 2023 Bunge lilipanga upya kamati zake. Iliyokuwa Kamati ya Huduma na Maendeleo ya Jamii, iliyobeba afya na elimu kwa pamoja, ikagawanywa: sasa kuna Kamati ya Afya na Masuala ya UKIMWI, na nyingine ya Elimu, Utamaduni na Michezo. TAMISEMI nayo ina kamati yake. Kamati hizi hupitia bajeti ya wizara kabla haijafika ukumbini, na Kamati ya Bajeti hukaa na Serikali kuzungumzia wapi pa kupunguza na wapi pa kuongeza. Hapo, kabla kitabu hakijachapwa, ndipo mstari wa "ukamilishaji wa maboma" unapoweza kunenepa. Barua yenye picha, kumbukumbu za mkutano wa kijiji na makadirio ya gharama, ikimfikia mjumbe wa kamati mwezi Februari, ina thamani kuliko hotuba ya Mei.

Angalia pia safari ya Bima ya Afya kwa Wote. Muswada ulisomwa kwa mara ya kwanza Septemba 2022, ukatarajiwa kupita Novemba, ukasimamishwa, kikwazo kikiwa swali la fedha za kuwagharamia wasio na uwezo zitatoka wapi. Ulipitishwa Novemba 2023. Mwaka mzima ule swali lilikuwa moja, na halikuwa la asubuhi.

Halafu zipo kamati za hesabu. PAC huangalia hesabu za Serikali Kuu, LAAC za serikali za mitaa, na zote mbili hula kutoka sahani moja: ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, CAG, ambayo Rais huipokea mwishoni mwa Machi na kisha kuwasilishwa bungeni. Kama kero yako si "hatujapata" bali "tulipata, zikaliwa", huu ndio mlango. Swali la msingi kuhusu wizi humpa waziri nafasi ya kusema uchunguzi unaendelea. Mbele ya LAAC mkurugenzi huulizwa stakabadhi.

Aprili 2012 ilionyesha uzito wa njia hii. Ripoti za CAG na za kamati za hesabu ziliwasha moto bungeni, mbunge Zitto Kabwe akaanza kukusanya saini za wabunge kutaka kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda, na Mei Rais Kikwete akalipanga upya baraza lake. Mawaziri sita waliachwa nje, akiwemo Haji Mponda wa Afya, aliyekuwa ametoka kwenye mgomo wa madaktari wa mwanzo wa mwaka uleule. Maswali mangapi ya asubuhi yangefanya hivyo? Hata moja.

Ila uvumilivu unahitajika. CAG anakagua mwaka uliokwisha. Ukitaka dawa za wiki ijayo, hapa si mahali pake.

Hoja binafsi

Fupi tu kuhusu hii, kwa sababu mwananchi wa kawaida hataihitaji mara nyingi. Hoja binafsi ni pale mbunge anapoliomba Bunge zima litoe azimio. Inachukua kazi kubwa, na mwenye wingi wa kura ndiye anayeamua.

Mwishoni mwa Januari 2013 mbunge James Mbatia aliwasilisha hoja kuhusu udhaifu wa elimu, akiuliza mambo yaliyowakera wengi: mtaala uko wapi, vitabu vyenye makosa vimefikaje darasani. Ukumbi ulichafuka na hoja haikupita. Tarehe 18 Februari matokeo ya kidato cha nne yakatangazwa, zaidi ya watahiniwa 240,000 wakiwa na sifuri. Waziri Mkuu akaunda tume, na Mei 3 Waziri William Lukuvi akasimama bungeni kutoa kauli ya Serikali kwamba matokeo yale yanafutwa na kupangwa upya. Aliyeshindwa kwa kura Februari mosi alionekana mwenye akili kabla mwezi haujaisha. Kwa mwenye suala la kitaifa na ngozi ngumu, basi, hoja iliyokataliwa si lazima iwe imepotea. Imeacha alama kwenye Hansard. Kwa choo cha shule, hapana.

Ukiwa Kenya

Wasomaji wa upande wa pili wa Namanga watanishangaa, kwa sababu kwao ramani imegeuzwa. Katiba ya 2010 hairuhusu waziri kuwa mbunge, kwa hiyo kwa miaka mingi hakukuwa na waziri wa kusimama asubuhi na kujibu. Alifika mbele ya kamati. Katika Bunge la 13 kanuni zilirekebishwa ili mawaziri wafike ukumbini kujibu maswali.

Jambo la kuamua kwanza ni ugatuzi. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ni za kaunti, pamoja na shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani. Mwakilishi wadi ndiye wa kuanzia, katika Bunge la Kaunti, na nyuma yake yuko seneta, kwa kuwa Seneti inafuatilia fedha za taifa zilizokwenda kaunti. Shule ya msingi, sekondari, walimu, na Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya mfuko wa bima ya afya, NHIF, Oktoba 2024 ni maswali ya Bunge la Taifa. Nimeona watu wakimlaumu mbunge wao kwa hospitali ya kaunti kukosa glavu, naye mbunge akilipokea lawama hilo kwa furaha kwa sababu linampa jambo la kumsemea gavana.

Mkenya pia ana kitu ambacho ningekitamani huku: Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka petisheni bungeni mwenyewe. Na kamati, kwa Ibara ya 125, ina uwezo wa Mahakama Kuu wa kumwita shahidi. Kwa kundi la wazazi lenye ushahidi na mbunge mzembe, petisheni ni bora kuliko kumbembeleza.

Tulivyofanya mara ya pili

Mbunge mpya alipokuja tulimpelekea swali la msingi moja, lile la "kimepelekwa". Tuliandika na la nyongeza, moja tu, tukamwomba asiombe safari. Jibu lilipokuja lilikuwa na tarakimu, na tarakimu zile zilionyesha kwamba fedha za maboma ya halmashauri yetu zilitengwa miaka miwili mfululizo na hazikupelekwa mwaka wowote kati ya hiyo. Ukurasa ule wa Hansard ukachapwa nakala tatu: moja ya diwani, moja ya mkurugenzi, moja ya mjumbe wa kamati aliyekuwa na jimbo jirani.

Zahanati sasa ina bati, na muuguzi yupo. Mbuzi wamehamia kwenye boma la nyumba ya mganga, hatua thelathini tu kutoka pale, lililoishia kwenye lenta. Swali lake limeshaandikwa, tunasubiri Februari.